Fundi ana uzoefu wa miaka 20. Kwa nyumba ya ghorofa moja, mhandisi wa nini?

Mjenzi_Ihumwa

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kufikiri kabla sijachimba msingi.

Kiwanja kipo Ihumwa, Dodoma. Nyumba ni ya ghorofa moja, m 10.5 kwa m 12. Ramani niliyonayo inaonyesha vyumba, milango na madirisha tu, haina michoro ya nondo. Sebule ya chini ni m 5 kwa m 6, haina nguzo katikati. Juu, upande wa mbele, kuna baraza linalotokeza nje m 1.5, na mwisho wake utajengwa ukuta wa tofali wa kujikinga, kimo m 1.

Fundi ana uzoefu wa miaka 20, nyumba zake zimesimama, na namheshimu. Vipimo alivyonipa: slabu sm 12.5 nyumba nzima pamoja na baraza. Nondo mm 12 kila sm 20 pande zote mbili, wavu mmoja, unalala chini. Nguzo inchi 9 kwa 9, nondo nne za mm 12, ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga pamoja) kila sm 25. Nyuma ya kiwanja udongo ni mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza vidole.

Ndugu zangu wananiambia pesa ya mhandisi ninunulie saruji, maana nyumba za wazee zilisimama bila mhandisi. Swali langu: mhandisi ananiongezea nini hasa ambacho fundi huyu hana? Nataka vitu ninavyoweza kuvipima kwa futi kamba, si maneno ya jumla.

---

Kina_na_Kava

Mkuu, umefanya jambo la maana kuweka vipimo. Acha nianze na baraza, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kufa.

Slabu iliyolala juu ya kuta mbili ikielemewa inanyumbuka katikati kwenda chini. Upande wake wa chini unavutwa, wa juu unabanwa. Zege linavumilia sana kubanwa ila kuvutwa haliwezi, kwa hiyo tunalaza nondo chini zipokee huo mvuto. Fundi wako amelaza nondo chini miaka yote 20 na kila mara alikuwa sahihi.

Baraza linalotokeza limeshikwa upande mmoja tu. Ukisimama kwenye ncha, ncha inataka kushuka, na sehemu inayovutwa ni ya JUU, pale linapoungana na nyumba. Nondo zilizolala chini hapo hazisaidii chochote kwenye kubeba. Hatari yenyewe ni kwamba mbao zikifunguliwa, baraza linaweza kusimama tu. Zege lenyewe lina uwezo kidogo wa kuvutwa, na huo ndio unaolishikilia. Siku watu wanane wamesimama kwenye ukingo kutazama harusi ikipita, ufa unaanza upande wa juu, hakuna chuma cha kuushika, na baraza linakatika kwa mkupuo mmoja. Slabu ya kawaida hupinda na kupasuka kwanza, ikakupa muda wa kukimbia. Hili halitoi taarifa.

Kinachotakiwa ni nondo kuu za juu zianzie ncha ya baraza na kuingia ndani ya slabu ya nyumba angalau mara moja na nusu ya urefu unaotokeza. Kwako ni m 2.25 ndani. Zikalie viti vya nondo, kila m 1 au karibu zaidi, vyenye miguu mipana ili visilale. Watu wasizikanyage wakati wa kumwaga, watengenezewe njia ya mbao. Tuseme baraza limekuwa nene sm 20. Ukitoa kava (zege linalofunika nondo) ya sm 2.5 na nusu ya unene wa nondo ya 12, kina kinachofanya kazi, yaani kutoka uso wa chini wa zege hadi katikati ya nondo ya juu, ni mm 169. Kibarua mwenye toroli akizikanyaga zikashuka sm 5, kinabaki mm 119. Karibu asilimia 30 ya uwezo imeondoka kwa dakika moja, na zege likishafunika hakuna jicho litakaloona.

Sasa unene. Katika BS 8110, kiwango cha zamani cha Uingereza ambacho wengi wetu tumelelewa nacho, kipimo cha kuanzia kwa kitu kinachotokeza ni urefu wake ugawe kwa 7. Milimita 1500 kwa 7 ni 214. Nondo zikiwa za kutosha kipimo hicho kinalegezwa, lakini hakilegezwi hadi kufika mm 94, na hicho ndicho kina utakachobaki nacho kwenye slabu ya sm 12.5 hata nondo zikiwekwa juu. Halafu kuna huo ukuta wa tofali. Ukuta wa inchi 6 wenye kimo cha m 1 una kilo 300 na ushei kwa kila mita ya urefu, na umeuweka nchani, pale uzito unapoumiza zaidi. Weka reli ya chuma, kilo 20 hadi 30 kwa mita. Baraza lako litakuwa jepesi kabla hata ya hesabu nyingine.

Sebule. Nyumba nyingi za fundi zina vyumba vya m 3 hadi 3.5, na slabu ya sm 12.5 inavimudu. Yako ina m 5 upande mfupi. Gawa 5000 kwa kina cha 94, unapata 53. Slabu iliyoendelea juu ya kuta inaanzia 26, na marekebisho huifikisha kwenye thelathini na kitu. 53 maana yake itabonyea, vigae vya juu vitapasuka, na plasta ya dari itafanya nyufa. Kuna njia mbili: ama slabu ya karibu sm 20, ambayo ni zege jingi na uzito mwingi kwenye msingi, ama bimu moja ya kukatiza sebule kwa upande wa m 5 ili slabu iruke m 3 tu kila upande, na hapo sm 15 inatosha. Mimi ningechagua bimu, kina chake kikiwa kati ya sm 40 na 45 pamoja na slabu. Nondo zake zipigiwe hesabu, zisikadiriwe.

Nguzo: nondo nne za mm 12 kwa inchi 9 kwa 9 si mbaya kwa ghorofa moja, fundi hapo yuko karibu. Kosa lipo kwenye ringi. Kanuni ni ringi zisiachane zaidi ya mara 12 ya unene wa nondo ndogo kuliko zote kwenye nguzo: 12 mara 12 ni mm 144. Yeye kasema sm 25. Nguzo ikielemewa, nondo zinataka kufumuka kwenda nje kama fimbo inayobanwa ncha zote mbili, na ringi ndiyo inayozizuia. Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege kwa nyuzi 135, zisiishie kwenye pembe ya mraba, maana kava ikibanduka ringi ya nyuzi 90 inafunguka. Dodoma ipo kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, hivyo juu na chini ya nguzo ringi zikaribiane zaidi. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tu na liliangusha nyumba nyingi mjini Bukoba.

Upande mwingine, kuna mahali fundi wako anakupotezea fedha. Nondo 12 kila sm 20 pande mbili ni kilo 8.9 kwa kila mita ya mraba. Vyumbani, pale slabu inaporuka m 3 na hakuna ukuta wa tofali uliokaa juu yake, mara nyingi mm 10 kila sm 20 inatosha, nayo ni kilo 6.2. Kwenye mita za mraba 80 hiyo tofauti ni zaidi ya kilo 210, karibu nondo 20 za mm 12. Zimezidi vyumbani, na juu ya baraza hakuna hata moja.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu uzoefu. Fundi anajua vizuri sana kazi aliyoirudia. Umbo likibadilika, anairudia ileile, na hana sababu ya kushuku, kwa kuwa haijawahi kumwangukia.

---

Fundi_Mkuu_Chamwino

Wakuu salaam. Mhandisi hapo juu kasema kweli na sina la kupinga kwenye baraza. Ila naomba mtoa mada asichukue maneno hayo kama fimbo ya kumchapia fundi wake, kwa sababu michoro mizuri ikikutana na zege bovu, nyumba ni mbovu. Na zege lipo mikononi mwa fundi.

Maji ndiyo tatizo namba moja. Mfuko wa kilo 50 ukiumimina ni karibu lita 35. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 unahitaji mchanga lita 70, ndoo tatu na nusu za lita 20, na kokoto lita 140, ndoo saba. Maji ni lita 25 hadi 27, pamoja na yale yaliyokwishakuwa ndani ya mchanga mbichi. Vibarua wanapenda zege la uji kwa sababu linateleza kwenye toroli na halichoshi kusukuma. Wakiongeza ndoo moja nzima kwenye mfuko mmoja, zege linapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, na kwa macho likikauka linafanana na zuri. Kwa hiyo pima kwa ndoo, si kwa koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana havilingani.

Mchanga upimwe kabla lori halijamwaga lote. Chukua chupa ya kioo au plastiki inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi nusu, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa vizuri, iache saa tatu. Udongo utakaa juu ya mchanga kama utando. Ukizidi sehemu 8 kati ya 100 za kimo cha mchanga, mrudishe dereva. Kwetu Dodoma mchanga wa makorongo mara nyingi ni mzuri, ila ukichotwa pembezoni unakuja na udongo.

Nondo nazo zipimwe kwa mizani. Dukani unauziwa ya 12 kumbe ni 11, na hapo umepoteza asilimia 16 ya chuma. Nondo kamili ya m 12 ya mm 10 ina kilo 7.4, ya mm 12 ina kilo 10.7, ya mm 16 ina kilo 18.9. Kama duka halina mizani, kata kipande cha m 1 cha ile ya 12: kiwe karibu gramu 890.

Kava tunaiweka kwa vijitofali vya saruji, sisi tunaviita biskuti. Sm 2.5 kwa slabu, sm 4 kwa nguzo, sm 5 kwa besi (miguu ya zege chini ya nguzo) zilizomwagiwa zege jembamba chini. Usikubali vipande vya kokoto wala vya mbao. Kokoto inateleza nondo ikakalia mbao, na mbao ikibaki ndani ya zege inaoza na kuacha njia ya maji.

Na mhandisi naye atusikilize. Kuna michoro inaleta nondo sita za mm 16 kwenye bimu ya inchi 9 pale inapopishana na nguzo. Ukijumlisha za nguzo na ringi, kokoto ya robo tatu inchi haipiti. Kwenye karatasi imependeza, ukifungua mbao unakuta mapango. Fundi akisema hapa zege halitapita, mhandisi aje aone, apange upya safu au abadili kokoto kuwa ya nusu inchi. Fundi anayenyamaza kwa woga na mhandisi asiyeuliza, wote wawili wanakuharibia nyumba.

---

Mjenzi_Ihumwa

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Fundi nimemwonyesha sehemu ya baraza, ameuliza maswali mazuri na hakukasirika. Naomba mnisaidie mengine mawili. Nitamjuaje mhandisi wa kweli, maana kila mtu mjini anajiita injinia? Na kama siwezi kumlipa akae kila siku saiti, aje siku zipi?

---

Kina_na_Kava

La siku za kuja nalijibu mimi, la usajili wapo wanaolijua zaidi.

Yeye hana haja ya kukaa. Muhimu awepo kabla ya kila kitu kinachofunikwa. Mara ya kwanza ni kabla ya michoro, kwenye udongo. Chimba mashimo mawili, moja mbele na moja kwenye huo udongo mweusi, m 2 hadi 3 kwenda chini, pana kiasi cha mtu kuonekana ndani, na mtu asiingie shimo refu bila kuta zake kuzuiwa. Udongo wa mbuga unavimba ukinywa maji na unasinyaa kiangazi, hizo nyufa zako ndizo dalili. Ubaya wa kwako ni kwamba nusu ya nyumba itakaa kwenye mfinyanzi na nusu kwenye udongo mgumu. Nusu moja itapanda na kushuka kila mwaka, nyingine imetulia, na ukuta utapasuka kwa mshazari kuanzia kona za madirisha. Akiona kina cha tabaka jeusi ataamua: kuliondoa lote na kujaza moramu (udongo wa changarawe) inayoshindiliwa kwa tabaka za sm 15, au kupeleka besi chini yake, au kusogeza nyumba mbele m 4 na tatizo likaisha bila gharama. Hilo la tatu linawezekana leo tu. Ukishamwaga msingi limekufa.

Baada ya hapo aje mashimo ya besi yakiwa tupu, kabla ya zege la chini. Aje nondo za nguzo zikiwa zimesimama kabla ya kufungiwa mbao. Aje nondo za slabu zikiwa zimekamilika, na hapa apewe nusu siku, si dakika kumi, na ukimwona anapita na futi kamba mkononi akipima kava na mapishano, huyo anafanya kazi. Nondo mbili zikiunganishwa zipishane mara 40 hadi 50 ya unene wake, kwa hiyo mm 12 ni sm 48 hadi 60. Awepo pia siku ya kumwaga slabu. Mwisho, siku ya kufungua mirunda, yaani miti inayoegemeza slabu na bimu.

Kila ziara aandike alichokiona na alichoagiza kwenye daftari la saiti, atie saini, na fundi atie saini. Mkataba utaje idadi ya ziara. Ukimwambia "utakuwa unapita pita" atapita siku mbili.

---

Mhuri_na_Saini

Mkuu, kuhusu kumjua mhandisi. Tanzania tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997. Daftari la waliosajiliwa lipo wazi na unaweza kulitafuta mtandaoni. Omba namba ya usajili, halafu angalia vitu vitatu. Jina lifanane na la kitambulisho. Daraja liwe mhandisi mtaalamu au mhandisi mshauri, kwa sababu mhandisi mhitimu bado yuko chini ya uangalizi wa mwingine. Na fani iwe ujenzi. Wengi wanapitwa na hilo la tatu. Mhandisi wa umeme ana mhuri halali kabisa, ila si wa kusaini slabu yako. Mchora ramani naye ana bodi yake, AQRB, ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Hao ni watu wawili, usidhani mmoja anafunika kazi ya mwingine.

Usajili ni mlango tu. Wapo wanaouza mhuri: unapeleka ramani asubuhi, jioni inarudi imegongwa, hajaona kiwanja wala kuuliza udongo. Huyo hajakupa utaalamu, amekupa wino wa kupitisha kibali. Namna ya kumpima ni kumwomba karatasi za hesabu, si michoro peke yake. Hata kama huzielewi, ziwepo, ziwe na vipimo vya nyumba YAKO. Muulize kwa nini nondo za baraza zipo juu. Mtaalamu atachukua kijiti akupindie, utaelewa kwa dakika mbili. Muulize besi ziwe na ukubwa gani. Akikujibu kabla ya kuona udongo, mwache. Akisema "siwezi kukuambia mpaka nione shimo", huyo mshike.

Na umpe nafasi ya kukukatalia. Hapa nitasema kidogo kwa uchungu. Tarehe 23 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza la ghorofa nane. Mhandisi akaitwa, akatazama, akasema watu watoke. Benki na maduka ya ghorofa za chini yakafunga. Viwanda vya nguo vya juu vikawaamuru wafanyakazi warudi kesho yake asubuhi. Umeme ukakatika, jenereta zilizokuwa juu zikawashwa, na kabla ya saa tatu asubuhi jengo lote likalala. Watu 1,134 wakafa. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali, na jengo halikukusudiwa kubeba mashine. Utaalamu ulikuwepo, ulisema kweli siku moja kabla, na ukadharauliwa na watu waliokuwa na oda za kumaliza. Wiki chache tu kabla, 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likiwa bado linajengwa, na watu 36 wakapoteza maisha.

Kwa hiyo andika kwenye mkataba wako sentensi hii: mhandisi ana mamlaka ya kusimamisha umwagaji wa zege. Na mwambie fundi mapema, mbele ya mhandisi. Siku ya slabu kuna vibarua 25 wamelipwa, mashine ya kuchanganyia imekodiwa, wali uko jikoni, na mhandisi anasema nondo za juu zimelala. Kama hamkukubaliana kabla, hakuna atakayesimamisha.

Kuhusu "nyumba za wazee": nyingi ni za chini, kuta nene, vyumba vidogo, hazina slabu juu wala baraza linaloning'inia. Zilizoanguka hazipo tena za kuonyeshwa.

---

Mwana_wa_Likoni

Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa. Naongeza moja tu, la chumvi. Sisi huku pwani tunaliona kila siku: mchanga wa ufuoni na maji ya kisima cha chumvi vikitumika kwenye simiti (nyinyi mnaita zege), chuma kinaanza kula kutu ndani. Simiti nzuri hukifunika chuma kwa utando mwembamba wa kukilinda, na chumvi huutoboa utando huo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inasukuma simiti kutoka ndani. Utaona ufa ulionyooka ukifuata nondo, kisha kava inabanduka vipande. Kupiga plasta juu ni kuficha tu.

Nimetaja kwa kuwa nasikia visima vingi vya Dodoma pia vina maji ya chumvi. Yaonje. Ukihisi chumvi ulimini, hayo yaende kwenye kushindilia moramu, ya kuchanganyia zege lenye chuma nunua maji matamu. Hata ya kumwagilia slabu usitumie ya chumvi.

---

Fundi_Mkuu_Chamwino

Mwana wa Likoni, umesema jambo ambalo wengi huku hawalijui. Asante.

Nimalizie siku ya zege na baada yake, maana mtoa mada atalihitaji. Slabu ya mita za mraba 126 kwa sm 15 ni karibu mita za ujazo 19 bila bimu. Kwa 1:2:4 weka mifuko 120 ya slabu, na ya bimu na baraza iwe juu ya hiyo. Saruji ya slabu iwe ya daraja la nguvu la 42.5, ile ya 32.5 ibaki kwenye plasta na kujengea. Anzeni alfajiri. Jua la Dodoma la saa saba linakausha uso kabla zege halijashikana, na unapata nyufa za utando wa buibui siku hiyohiyo. Baraza na slabu inayolishika vimwagwe pamoja bila kukatisha. Kiungo cha jana na leo kikiangukia kwenye mzizi wa baraza umelikata mwenyewe. Kodi vibreta (mashine ya kutikisa zege lishikamane), na ya akiba iwepo, maana ikiharibika katikati ya kazi vibarua wanachoma zege kwa vijiti na bimu zinabaki na mapango.

Chukua vibonge sita vya zege kwenye maboksi ya chuma ya sm 15. Vitatu vivunjwe maabara siku ya 7, vitatu siku ya 28. Siku ya 7 vinatakiwa viwe vimefika karibu theluthi mbili ya nguvu iliyoandikwa kwenye michoro. Visipofika, mhandisi anajua la kufanya mirunda ikiwa bado imesimama, na hapo bado una nafasi.

Kumwagilia ni siku 7 kamili, magunia yalowe muda wote, si kurusha maji asubuhi na kusahau. Tofali za juu zisipangwe kwenye slabu changa.

---

Mjenzi_Ihumwa

Nimeelewa. Nimeshapata namba ya mhandisi mmoja, jina lake nimelikuta kwenye daftari, fani ni ujenzi. Kesho fundi na vibarua wanachimba mashimo mawili, yeye anakuja Jumamosi. Ukuta wa tofali wa baraza nimeufuta, itakuwa reli. La mwisho: mirunda inafunguliwa lini na nianzie wapi?

---

Kina_na_Kava

Siku 21 kwa sebule na kwa baraza, na majibu ya vibonge vya siku ya 7 yawe yamesomwa. Vyumba vidogo vinaweza kutangulia, ila kwa ruhusa yake mhandisi.

Pa kuanzia panafuata jinsi kila kipande kinavyobeba. Sebule na vyumba: anza katikati, nenda ukielekea kwenye kuta na bimu. Mirunda chini ya bimu ya sebule ifuate baada ya ile ya slabu. Baraza ni kinyume: anza kwenye ncha ya nje, rudi ukielekea nyumba. Ukiondoa ya karibu na nyumba kwanza, ncha inabaki imeegemea mirunda, na baraza linakuwa daraja linalobonyea katikati, kinyume kabisa na lilivyofungwa nondo. Legeza kidogo kidogo kwa safu, usipige nyundo mrunda ukaruka. Weka alama ya penseli kwenye ukuta usawa wa ncha kabla ya kulegeza, na upime tena kesho yake asubuhi. Ikiwa imeshuka milimita mbili tatu ni kawaida. Ikiendelea kushuka siku ya pili, rudisha mirunda na umpigie simu.

Na kabla ya kumwaga, baraza liwe na mteremko wa kutoa maji nje, sm 1 na nusu kwa kila m 1, na bomba la kutolea maji liwekwe kabisa mbao zikiwa wazi. Wakija kutoboa baadaye kwa mashine watakata zile nondo za juu.